Sista, wewe ulimalizaje?

Wiki iliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili kanifata pale kwenye sinki la kuoshea mikono, tena wakati mbaya kweli, saa nane ya mchana, tunataka kukabidhiana shifti na mie nna mafaili matatu sijayaandika. Kasimama tu. Nikamwambia, "Sema mwanangu, nna haraka." Kasema, "Sista, wewe ulimalizaje?" Nikadhani anaulizia kazi, kumbe anaulizia chuo. Kapata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya famakolojia, lile somo la dawa, ya pili hiyo, na kwao washaanza kumuuliza kwani lazma uwe nesi wewe.

Nikamjibu kama tunavyojibu watu wazima wote, "Komaa mwanangu, Mungu atasaidia." Kasema, "Haya, ahsante Sista," akenda zake. Nikabaki na sabuni mkononi najua kabisa kuwa nimemjibu upuuzi. Sio kwamba Mungu hasaidii, hasha, ila yeye hakuuliza hivyo. Kauliza ulimalizaje, kama mtu anavyouliza hii njia ya Micheweni unapita wapi. Siku tano sasa lile swali linanizunguka, nikaona bora niandike, ndefu ndefu hivi hivi, maana mdomoni halitoki vizuri.

Nianze na uongo wetu. Siku ya mwanzo chuoni mwalimu alitwambia tusimame mmoja mmoja, kila mtu aseme jina, anakotoka na kwa nini kachagua uuguzi. Wa kwanza kasema wito. Wa pili wito. Ikafika kwangu, na mie nikasema wito, tena kwa sauti nzuri, nikaongeza na huruma juu yake. Darasa zima lilikuwa na wito siku ile! Ukweli ni kwamba mie nilitaka udaktari, matokeo yalipotoka nikaona pale hapafikiki, uuguzi ukawa ndo mlango uliokuwa wazi. Shoga yangu niliyekaa nae dawati moja kaletwa na baba yake, mzee kashika msimamo kuwa mtu wa afya hakosi kazi (siku hizi na hilo lina maneno yake, wapo wenzetu waliomaliza na bado wako nyumbani au wanajitolea bila mshahara). Mwengine alikuwa na dada yake Oman na yeye akili yake yote iko huko. Kuna aliyeolewa kabla hajaanza na mume kamwambia soma, lakini somo la karibu.

Na alikuwepo kijana mmoja, mtu wa Pemba kama mie, mkimya, na yeye alisema wito na kukaa chini. Mwaka wa tatu ndo nikaja kujua, tuko kwenye boti tunarudi likizo, tumeshapita Nungwi na bahari inarusha, watu wanatapika, yeye anagawa mifuko. Akanambia tu, bila kuulizwa, kuwa usiku ule wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama ikija Pemba, mjomba wake alikuwemo. Hakurudi. Na kitu kilichomkaa kichwani wala sio bahari, ni nesi mmoja aliyekuwa akipokea watu waliookolewa, anawafunika, anawauliza majina, anaandika, anafunika, anauliza, mpaka asubuhi. Miaka mitatu tumesoma pamoja na hakuwahi kulisema lile darasani. Ndo nikajifunza kuwa sababu ya kweli mtu haisemi siku ya kujitambulisha, na pengine siku ile hata yeye mwenyewe hajaijua.

Yangu mie ilikuwa mama, au tuseme mikono ya mama. Mama analima mwani. Asiyejua mwani nimwambie kidogo: unapiga vigingi baharini, unafunga kamba, kwenye kamba unafungia vile vishada vya mwani kwa vikamba vidogo, taitai tunaviita, kimoja kimoja, umeinama, maji ya magotini, jua la utosi. Huwezi kwenda siku unayotaka, unakwenda bamvua, maji yakikupwa sana, kwa hiyo kazi inafata mwezi wa mbinguni. Na pesa yangu ya matumizi ilikuwa inafata mwezi huohuo! Wenzangu wanasubiri mkopo uingie, mie natizama juu usiku nahesabu, mwezi mpevu leo, basi mama keshashuka pwani, siku kadhaa za kuanika, wanunuzi wakija, labda Alkhamisi simu itaita. Ilikuwa shilingi mia kadhaa kwa kilo moja ya mwani mkavu. Ule wa bei nzuri, kotonii, pwani yetu haukai tena, maji yamekuwa ya moto unaoza, umebaki wa bei ya chini. Kila nikinunua kitabu au kulipia fotokopi nilikuwa nafanya hesabu hii ni kilo ngapi.

Watu watasema hiyo ndo motisha yenyewe, deni la mama. Mie nasema hapana, au sio yote. Deni lilinizuia nisiache chuo, ni kweli. Lakini deni halikunifanya nisome. Kuna siku lilikuwa linanizuia hata kusoma, nafungua daftari naona mikono yake ilivyopasuka, nalifunga, nalia, nalala. Mtu akibeba deni zito sana hakimbii, anakwenda polepole na kusimama njiani.

Mwaka wa pili tulikwenda fildi, yale mazoezi ya kazi, hospitali moja, ipi haina haja. Nilikuwa naweka kanula, kile kimpira cha mshipani cha kupitishia dripu, kwa mara ya tatu maishani mwangu. Mgonjwa mama mnene, mishipa haionekani. Nikakosa ya kwanza. Nikakosa ya pili, na mama wa watu kavumilia, kasema "jaribu tena mwanangu". Akapita sista mmoja wa wodi, akasimama mguuni mwa kitanda, akasema kwa sauti ya wodi nzima isikie: "Nyie wa siku hizi mnakuja kufata mishahara tu, mikono hamna." Akaichukua ile kanula, akaiweka mara moja, tap, akaondoka. Hakunionesha alipoipata. Mshipa ulikuwa upande wa kidole gumba, pale juu ya kiwiko cha mkono, sasa nauona hata kizani, lakini siku ile niliona sakafu tu.

Wiki nzima nikawa naenda hospitali nasaini najificha. Wallahi. Nakaa stoo ya mashuka nakunja mashuka ambayo yameshakunjwa. Na kule chuoni alama zangu zikashuka siku zilezile, masomo ambayo hayahusiani na kanula hata kidogo. Walimu wakaona nimekuwa mvivu. Sikuwa mvivu, nilikuwa nimeshaamini.

Baadae kwenye saikolojia tukasoma habari za Edward Deci, Mmarekani, ambae mwaka 1971 aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande wayapange. Kundi moja akawalipa, dola moja kila fumbo wakipatia, jengine hakuwalipa. Afu akatoka nje akawaacha peke yao, kuna magazeti pale, fanya unachotaka. Waliolipwa walipungukiwa na hamu ya kuchezea yale mafumbo pale pesa ilipokoma. Mwalimu alifika hapo mie nikamkumbuka yule sista na mishahara yake. Baadae Deci na mwenzake Richard Ryan wakasema binaadamu ili afanye kitu kwa moyo anahitaji vitu vitatu: kujiona ana maamuzi yake, kujiona anaweza, na kujiona ana watu. Darasa lilicheka kwenye lile la kwanza. Maamuzi yako! Mwanafunzi wa uuguzi anapangiwa shifti, wodi, rangi ya viatu, hata siku ya kuumwa karibu apangiwe. Hilo la maamuzi waachieni wa vyuo vyengine. Lakini hayo mawili yaliyobaki, la kuweza na la kuwa na watu, ukiniuliza nilimalizaje, ni hayo. Nayo sikuja nayo kutoka Pemba kwenye sanduku. Nilipewa, na nakumbuka mpaka saa.

Saa nne usiku, Ramadhani imeshapita, fildi nyengine, wodi ya wanawake. Kaletwa bibi mmoja mtu mzima, katapika na kuharisha siku mbili, macho yameingia ndani, ulimi mkavu kama karatasi. Daktari kaandika dripu, lita moja kwa saa nane. Zamu ile alikuwepo mkunga mmoja wa zamani, karibu astaafu, wa umri wa wale ambao hospitali ya Mnazi Mmoja bado wanaiita Lenin, jina lake la zamani. Akanambia, "Matone mangapi kwa dakika?" Hii nilikuwa naijua, nikapiga karatasini: mililita 1000, mara matone 20 kila mililita kwa ule mpira tuliokuwa nao, gawanya kwa dakika 480. Arobaini na moja na kitu. Nikasema, "42, mama." Akatizama karatasi, akasema, "Umepatia. Kwenye karatasi ni 42. Haya nenda kayafanye yawe 42." Akakaa kwenye kiti chake. Hakuja.

Sijui kama nnaweza kueleza vipi kile kigurudumu kidogo cha kwenye mpira wa dripu kilivyokuwa kinanidhalilisha. Unakisogeza unywele, matone yanakuwa mvua. Unakirudisha, yanakata. Saa yangu ya kifuani mshale wa sekunde ulikuwa unaruka ruka, nahesabu nakosea, nahesabu nakosea. Yule bibi akafungua jicho moja. "Wahesabu nni mwanangu?" Lahaja ile! Nikamwambia nahesabu matone bibi. "Watoka wapi?" Micheweni. "Ah, wetu. Mie wa Konde." Akautoa mkono chini ya shuka, tasbihi ipo, ya punje 33, nyeusi, uzi umetoka rangi. Kanambia, wewe tizama saa, mie nivute. Kila tone punje moja.

Basi tukawa sisi wawili pale, mie na saa, yeye na tasbihi, midomo yake inatembea. Dakika ya kwanza kavuta mizunguko miwili nzima, matone yako mbio. Nikakaza. Ya pili hakufika hata mzunguko. Nikalegeza kidogo sana. Mara ya tano au ya sita sijui, dakika imetimia, bibi kasimamisha kidole akasema, "Mzunguko mmoja na tisa juu." Thalathini na tatu na tisa. Arobaini na mbili. Nilitaka kupiga kigelegele kwenye wodi ya wagonjwa.

Usiku ule kila baada ya muda nilikuwa nakwenda pale kutizama, maana mgonjwa akigeuza mkono tu dripu inabadilika mwendo, na hilo nalo karatasi haisemi. Saa kumi na mbili asubuhi chupa ilikuwa imebaki maji ya kijiko. Bibi kashakojoa, ulimi umerudi, anataka chai ya rangi. Yule mkunga alikuja akatizama chupa, akatizama saa ya ukutani, hakunisifu, akasema, "Ukimaliza hapo njoo nikuoneshe kitu kule leba." Njoo nikuoneshe. Mie mpaka leo sijapewa cheti kilichonifanya nijihisi vile.

Nikirudi chuoni wiki ile nikaanza kusoma kama mtu aliyeibiwa na kurudishiwa mali yake. Sio kwa ajili ya mtihani. Nilitaka kujua kwa nini ulimi ulikauka, figo zinafanyaje mtu akiishiwa maji, kwa nini daktari kaandika maji yale na sio mengine.

Hapa niseme kidogo kuhusu Florence Nightingale, maana kila tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi, tunawasha mishumaa na kusoma kiapo, picha ni ile ile, mwanamke na taa, huruma, huruma. Kiapo chenyewe hakukiandika yeye, kilitungwa Detroit mwaka 1893, yeye bado yu hai na umri ushakwenda. Na huyu bibi alikuwa mtu wa hesabu hasa! Baada ya vita vya Krimea alikaa akachora michoro kuonesha kuwa askari walikuwa wakifa kwa maradhi ya uchafu kuliko kwa majeraha ya vita. Hakuna mwalimu aliyenambia hivyo mwaka wa kwanza. Wangenambia kuwa mama wa uuguzi alikuwa anahesabu, mie niliyekuwa naona nimekuja kupewa somo la upole tu, ningeamka mapema.

Jengine ni watu. Tulikuwa wanne, tunadurusi kwenye baraza ya dakhalia kwa sababu mle ndani joto na taa moja. Mmoja wa Makunduchi, mmoja wa mjini, mie, na yule wa Spice Islander ambae alikuwa akija mpaka saa tatu usiku afu anafukuzwa na mlinzi. Masomo ni Kiingereza, vitabu Kiingereza, na sisi Kiingereza chetu ni cha kukremu, unasoma ukurasa mzima macho yanatembea tu. Mpaka yule wa Makunduchi akaweka sheria: hakuna kutaja ugonjwa mpaka umeueleza kama unamueleza mama yako, na mama akiuliza "ehe, afu?" uwe na jibu. Zamu yangu ikaangukia kifafa cha mimba. Nikaanza, mama, mimba ikishapita wiki ishirini presha inaweza kupanda, 140 kwa 90 kwenda juu, na mkojo unatoka protini. "Ehe, afu?" Afu kichwa kinauma, macho yanaona giza, anaweza kudondoka akatetemeka. "Ehe, afu? Mnampa nini?" Magnesiamu. "Ehe, na hiyo haiui?" Inaua ikizidi, mama, ndo maana kabla ya kila dozi tunapiga goti tuone kama mguu unaruka, tunahesabu pumzi zisipungue 16, tunapima mkojo. Nilipofika hapo nikajishangaa mwenyewe, kumbe najua. Wiki moja kabla, kitu hicho hicho kwa Kiingereza nilikiandika kwenye jaribio nikapata nne juu ya kumi.

Na kuwa na watu wale maana yake ilikuwa pia hivi, siku moja sikutokea barazani, nimelala na hasira zangu, yule wa mjini akaja mpaka kitandani na boflo na chai kwenye chupa ya maji, hakuniuliza nna nini. Kasema tu "leo zamu yako ini, tunakusubiri". Nikaenda nikaeleza ini.

Kuna Patricia Benner, nesi wa Marekani, aliyesema mwaka 1984 kuwa nesi hupita ngazi tano, kutoka mgeni anaeshika sheria kama kamba mpaka bingwa ambae anaona tu. Yule sista aliyenifedhehesha, nikimfikiria leo, alikuwa keshafika juu. Alikuwa haoni tena kuwa kuna ngazi. Siku hizi nimeanza kumuelewa, na hilo linanitisha, maana juzi na mie nimemjibu mtoto wa watu "komaa".

Jana nimemtafuta. Nimemkuta anabadilisha mashuka na mwenzake, nikamvuta pembeni nikamhadithia habari ya bibi wa Konde. Kacheka, kasema, "Sista, mie nna simu, nnaweka taima." Nikamwambia weka taima, lakini sapu yako inahusu nini hasa? Kasema dawa za presha zinamchanganya, zote zinafanana. Nikamwambia hazifanani, zina ukoo, za mwisho "lol" mtu na ndugu yake, za "pril" ukoo mwengine, za "dipini" wengine. Katoa kalamu akaandika mkononi, kwenye ngozi, kama nilivyokuwa nikifanya mie.

Jumamosi baada ya alasiri anakuja nyumbani na madaftari yake. Nimemwambia aje na mwenzake mmoja, na boflo, chai ntaweka mie. Zile za "lol" nishaanza kuzisoma upya tangu jana usiku, maana na mie nusu nimesahau.